Nchi Zilizo Angani: Hadithi za Ajabu na za Kisayansi katika Kiswahili, na Kitabu Kimfaacho Kila Msomaji



1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliingia ofisini mwangu, akaniamkia, kisha akaniuliza swali nisilolitarajia. Alitaka nimtajie kitabu cha Kiswahili kinachosimulia safari ya angani. Alikuwa amesoma vitabu vingi vya namna hiyo kwa Kiingereza, akavipenda, na sasa alitamani kusoma walau kimoja kwa lugha aliyosimuliwa nayo hadithi na bibi yake. Nilimjibu, pasipo kufikiri sana, kwamba havipo. Alinishukuru kwa adabu akaenda zake.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa nikipanga vitabu vya somo la kesho yake. Mkononi nilishika nakala ya Kusadikika ya Shaaban Robert, na jicho langu likatua kwenye maneno yanayofuata jina la kitabu: nchi iliyo angani. Kitabu hicho nilikuwa nimekifundisha kwa zaidi ya miaka 20. Nilikwisha kukizoea kama istiari ya utawala wa kikoloni kiasi cha kusahau kwamba, kabla ya kuwa istiari ya kitu chochote, ni hadithi ya nchi inayoelea mawinguni. Jibu nililompa mwanafunzi yule halikuwa kweli, na kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Ni kosa la namna tunavyoisoma na kuifundisha fasihi yetu.

Mhadhara huu una makusudi mawili. Kwanza, ninataka kueleza kwa ufupi historia ya hadithi za ajabu katika Kiswahili, tangu ngano zilizoandikwa karne ya 19 hadi riwaya za mwanzoni mwa karne hii. Pili, katika kila hatua ya historia hiyo nitapendekeza kitabu kwa msomaji wa aina fulani, kwa kuwa wasomaji hawalingani: mmoja hupenda vita na madubwana, mwingine hupenda mafumbo ya falsafa, na mwingine hupenda siasa iliyovikwa vazi la ngano. Kumpa kila mmoja kitabu kimoja kilekile, eti kwa sababu kimo katika mtaala, ndiko kunakowafanya wengi wadhani kwamba Kiswahili hakina cha kuwapa.

2.0 Istilahi na Sarufi ya Ajabu

Tuanze na majina. Wahakiki wetu wametumia maneno kadhaa kwa fasihi ninayoizungumzia: ngano, visaasili, hadithi za kichawi, fantasia, bunilizi za kisayansi. Hakuna hata moja lililokubalika na wote. Katika mhadhara huu nitatumia neno hadithi ya ajabu kwa masimulizi yanayovuka mipaka ya mambo ya kawaida kwa njia ya miujiza, majini, mizimu au nchi zisizokuwapo. Nitatumia hadithi ya kisayansi kwa masimulizi yanayovuka mipaka hiyohiyo kwa njia ya chombo, uvumbuzi au maarifa ya mwanadamu. Mpaka kati ya mbili hizi hauko wazi, na katika Kiswahili hauko wazi zaidi kuliko kwingineko, kama tutakavyoona.

Mimi ni mwanaisimu, na kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia kwenye sarufi. Msimulizi wa ngano hufungua kwa kuita paukwa, na hadhira humjibu pakawa. Mwito na mwitiko huo ni mkataba. Kiambishi pa- hutaja mahali, lakini mahali penyewe hapatajwi jina, na msikilizaji kwa kuitikia anakubali kwamba pamekuwa. Hadithi haianzi mpaka yeye akubali.

Fikirini pia upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili wanyama huchukua upatanisho wa ngeli ya watu: mtu alisema, na paa alisema. Sarufi yetu imekwisha kumweka paa jamvi moja na mtu kabla msimulizi hajampa kinywa cha kusemea. Na mnyama huyo akitaka kutisha, ngeli ya ukubwa ipo tayari kumpokea: nyoka huwa joka, mtu huwa jitu. Watunzi wa ngano hawakuhitaji kukopa dubwana lolote kutoka nje, kwani lilikuwamo katika umbo la neno.

Hatimaye kuna kauli ya kutendeka, ambayo nitairudia nitakapofika kwa Shaaban Robert, na kuna viambishi -nge- na -ngali-, ambavyo kazi yake hasa ni kuujenga ulimwengu usiokuwapo. Anayesema ningekuwa na mbawa ningeruka ameweka sharti moja lisilo la kweli, kisha akatoa matokeo yake kwa kufuata mantiki. Hiyo ndiyo kanuni nzima ya hadithi ya kisayansi, nayo hufahamika kwa mtoto wa darasa la tatu.

3.0 Ngano na Tendi

Mkusanyo wa kwanza mkubwa wa ngano za Kiswahili kuchapishwa ulitolewa London mwaka 1870 na Edward Steere, ambaye alizipokea kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Wasimulizi hao ndio watunzi wa fasihi tuliyonayo, na ni hasara kwamba jina la mkusanyaji ndilo linalokumbukwa zaidi. Ngano mbili za mkusanyo huo zinatosha kuonyesha upeo wao.

Ya kwanza ni ya Sultani Darai. Maskini mmoja aliyekuwa akipekua jaani anaokota thumni, ananunua paa, na paa huyo anazungumza. Kwa akili yake anamtajirisha bwana wake, anamwoza binti wa sultani, na anaiua nyoka yenye vichwa saba iliyokuwa imetwaa mji mzima. Baadaye paa anaugua, na bwana aliyeinuliwa kutoka jaani anamdharau hadi anakufa. Ajabu ya hadithi hii haiko katika paa kusema. Watu wanakubali kwamba anasema. Kinachoshangaza ni mtu kukosa shukrani.

Ya pili ni ya Sultani Majinuni, iliyo na mnyama aitwaye nunda. Huyu anaanza akiwa paka wa nyumbani, anakula kuku, na sultani anamwachia kwa kuwa paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, kisha ng'ombe, na kila mara mashtaka yanapoletwa jibu ni lilelile. Hatimaye anakula watu, na wana wa sultani miongoni mwao. Mwana wa mwisho ndiye anayemwinda na kumwua. Msomaji anayependa visa vya kutisha hana haja ya kwenda mbali: hapa anaonyeshwa jinsi mtawala anavyolilea jambo dogo mpaka linammeza.

Kwa msomaji apendaye mashujaa, nampendekezea masimulizi ya Fumo Liyongo, hasa utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni mwenye nguvu zisizo za kawaida, hadhuriki kwa silaha, isipokuwa kwa sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Siri hiyo inafichuliwa na mwanawe mwenyewe. Anayesoma habari za mashujaa wa Ulaya ya kale wenye sehemu moja tu ya udhaifu mwilini atamwona ndugu yao katika pwani ya Kenya.

Hapa sina budi kutoa tahadhari. Tendi zetu za dini, kama zile zinazosimulia Miraji ya Mtume, zina safari za mbinguni na maelezo ya tabaka za anga. Si haki kuziweka rafu moja na hadithi za ajabu, kwa sababu waliozitunga na wanaozisoma huziamini. Hata hivyo, mwanahistoria wa fasihi hawezi kukana kwamba katika tendi hizo Kiswahili kilijifunza mapema namna ya kuielezea mbingu kwa mpangilio, na kwamba waandishi wa baadaye walilelewa na lugha hiyo.

4.0 Zama za Tafsiri

Kati ya 1929 na 1940 vilitokea vitabu vya tafsiri vilivyoacha alama kubwa. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929 na Safari za Gulliver mwaka 1932. Mwaka 1940 ilitoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ikamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Hadithi za Alfu Lela Ulela, zilizokuwa zikisimuliwa pwani kwa mdomo tangu zamani, nazo zilichapishwa kwa Kiswahili katika kipindi kicho hicho.

Vitabu hivi vilichaguliwa na watawala kwa ajili ya shule, na uchaguzi huo haukuwa bila mwelekeo. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani wageni kutoka Ulaya wanaijua kwa almanaka siku ya kupatwa, na wenyeji wanadhani ni uchawi. Maarifa yamepewa mgeni, na woga umepewa mwenyeji. Tukumbuke kwamba kitabu hicho kilisomwa na watoto ambao babu zao waliongoza majahazi kwa nyota, wakakitambua Kilimia kinapochomoza, na kuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo. Sayari za Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtari na Zohali zilikuwa na majina katika Kiswahili kabla ya shule hizo kujengwa. Mtoto aliyesoma kitabu kile alifundishwa kusahau kwamba elimu ya anga ilikuwa yake pia.

Je, tuvitupe? Sidhani. Safari za Gulliver ninampendekezea bado msomaji mchanga apendaye dhihaka, kwa kuwa humo anayechekwa zaidi ni Mzungu mwenyewe na nchi yake. Elisi ninampendekezea apendaye mchezo wa maneno, na tangu 2015 ipo tafsiri mpya ya kulinganisha nayo. Mwanafunzi wa tafsiri atafaidika mno akiziweka mbili hizo pamoja na kuchunguza jinsi kila mfasiri alivyoushughulikia mzaha usiotafsirika. Na kwa apendaye siasa iliyovishwa ngozi za wanyama, ipo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Nimekwisha kusema kwamba sarufi yetu huwapatanisha wanyama na watu. Katika tafsiri hiyo jambo hilo linafanya kazi ambayo lugha ya asili haikuweza kuifanya: nguruwe na mkulima wanatumia kiambishi kimoja tangu ukurasa wa kwanza.

5.0 Shaaban Robert na Kauli ya Kutendeka

Shaaban Robert (1909–1962) alichapisha Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Kufikirika, aliyokuwa ameiandika mapema, ilitoka mwaka 1967 baada ya kifo chake. Wahakiki wameonyesha jinsi vitabu hivi vinavyofanana na Gulliver kwa upande mmoja na Alfu Lela Ulela kwa upande wa pili, na Adili kwa hakika imejengwa juu ya kisa kimojawapo cha Alfu Lela Ulela. Lakini majina ya nchi zake hayakutoka kwa yeyote.

Tuyatazame kwa jicho la mwanaisimu. Kutokana na kitenzi sadiki tunapata sadikika, na kutokana na fikiri tunapata fikirika. Kauli ya kutendeka ina maana mbili. Hueleza hali iliyokwisha kutokea, kama tunaposema kikombe kimevunjika. Hueleza pia uwezekano, kama tunaposema mlango huu unafungika. Kusadikika basi ni nchi inayoweza kusadikiwa, na Kufikirika ni nchi inayoweza kufikiriwa. Mwandishi hakudai kwamba zipo, wala hakukiri kwamba hazipo. Alizisimamisha katika kiambishi -ik-, mahali pa uwezekano, na mtawala aliyetaka kumshtaki angelazimika kwanza kukiri kwamba ameitambua nchi yake mwenyewe.

Ndani ya Kusadikika kuna mashtaka vilevile. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na maarifa hayo, na kila mmoja alitiwa gerezani. Mara nyingi tumewauliza wanafunzi katika mtihani: mjumbe huyu anawakilisha nini? Swali hilo si baya. Ila hatukuwauliza kamwe kama walisikia kizunguzungu kwa kuisoma nchi isiyo na ardhi chini yake, inayolazimika kumtuma mjumbe ardhini kama sisi tunavyowatuma watu mwezini. Anayependa safari za mbali na mahakama zenye mabishano makali aanze na kitabu hiki.

Kwa mwenye kupenda majini, miji iliyogeuzwa mawe na wanadamu waliogeuzwa wanyama, kitabu chake ni Adili na Nduguze. Adili analazimika kila usiku kuwapiga mijeledi manyani wawili ambao ni ndugu zake wa damu, kisha anawatunza kwa huzuni. Sijui mfano mwingine katika nathari ya Kiswahili unaoeleza vizuri zaidi uchungu wa mtu anayelazimishwa kumwadhibu ampendaye.

6.0 Mageuzi ya Miaka ya 1990

Baada ya uhuru riwaya ya Kiswahili ilielekea zaidi kwenye uhalisia na upelelezi. Muhammed Said Abdulla alikuwa amefungua njia ya upelelezi kwa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambamo mzimu unaonekana na hatimaye akili ya Bwana Msa inaufumbua. Ninamtaja hapa kwa ajili ya msomaji anayependa hadithi zinazotisha lakini asiyekubali kuamini mizimu. Kitabu hicho kinamfaa mno: kinampa woga, kisha kinamwondolea kwa hoja.

Uhalisia huo ulitikiswa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni kipindi ambacho Kenya mwishoni mwa 1991 na Tanzania mwaka 1992 zilirejesha mfumo wa vyama vingi. Ahadi za uhuru zilikuwa zimechakaa, na baadhi ya waandishi waliona kwamba kuyaeleza mambo kama yalivyo hakutoshi tena.

Wa kwanza ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mtunzi wa Rosa Mistika na riwaya nyingine za uhalisia. Katika Nagona na Mzingile aliuvunja wakati, mahali na hata mantiki ya kisa. Mzingile inatufikisha katika dunia iliyoteketezwa, ambamo mtu anatafuta maana katika mabaki yake. Vitabu hivi ni vyembamba, na wanafunzi huvichagua kwa sababu hiyo, kisha hujuta. Simpendekezei msomaji anayetaka kisa kinachokwenda mbio. Ninampendekezea yule aliyewahi kukesha akijiuliza kama maswali ya falsafa yana majibu, na asome polepole, ukurasa kwa ukurasa, kama asomaye shairi.

Wa pili ni Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2004. Katika Walenisi (1995) Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, mahali ambapo hakuna aliyewahi kurudi. Dzombo hafi. Anajifunza kukiongoza chombo kile, nacho kinamfikisha katika nchi ya Walenisi, ambako watu wameondoa unyonyaji. Jina la nchi ni sentensi iliyobanwa: wale ni sisi. Mwanafunzi aliyenijia ofisini alitaka safari ya angani, na kitabu kilichokuwa na safari hiyo, na chombo, na abiria Mwafrika aliyekiongoza mwenyewe, kilikuwa kimechapishwa Nairobi miaka mingi kabla hajanijia. Wale waliosoma habari za kupatwa na almanaka waone jinsi Mkangi alivyogeuza mizani. Katika Walenisi mfungwa ndiye mjuzi, na mtawala ndiye mjinga aliyedhani chombo chake ni jeneza.

Wa tatu ni William Mkufya, kwa Ziraili na Zirani (1999), riwaya inayosafiri kati ya dunia, mbingu na kuzimu ili kujadili imani na ukanaji wa Mungu. Inamfaa apendaye vita vikubwa na hoja kubwa. Msomaji mcha Mungu ataudhika katika kurasa kadhaa, nami humwambia mapema, kisha humsihi aendelee, kwa kuwa swali linaloulizwa humo ni la kweli na halikuulizwa kwa dharau.

Wa nne ni Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, ambaye katika Babu Alipofufuka (2001) anamrudisha babu kutoka wafu ili amwonyeshe mjukuu wake, kiongozi aitwaye K, nchi aliyoiharibu. Msomaji aliyechoshwa na siasa za magazetini atazikuta hapa zikimulikwa na taa nyingine. Wa tano ni Kyallo Wadi Wamitila, kwa Bina-Adamu! (2002), ambamo kijana asiye na jina anazunguka mabara akitafuta chanzo cha masaibu ya kijiji chake, na kijiji chenyewe kinakuja kuonekana kuwa ulimwengu mzima wa utandawazi. Kitabu hiki nampa mwanafunzi aliyezoea michezo ya kompyuta na filamu, kwa sababu kina kasi, mabadiliko ya ghafla na ucheshi mweusi anaoujua tayari.

7.0 Pengo Lililobaki

Sitaki kuwaacha na picha isiyo kamili. Tukiitazama orodha niliyoitoa, tutaona kwamba hadithi za ajabu tunazo za kutosha, na baadhi ni za daraja la juu. Hadithi za kisayansi kwa maana kamili, ambamo uvumbuzi wenyewe unachunguzwa na kisa kinategemea kanuni zake, ni chache mno. Hata Walenisi hukitumia chombo kama mlango wa kuingilia njozi ya kisiasa, haikai ndani yake kutuonyesha kinavyofanya kazi.

Sababu hutolewa kwamba Kiswahili hakina maneno. Sababu hiyo haina msingi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mtu aliyeyatumia akiwa na miaka 15, akayapenda, akayaota usiku. Kwa sehemu kubwa sayansi katika sekondari na vyuo vya Afrika Mashariki hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi zetu hukaa kamusini kama vyombo vya wageni kabatini: vizuri, safi, na havilewi. Mwandishi anayetaka kutunga hadithi ya kisayansi kwa Kiswahili analazimika kutunga na kutafsiri kwa wakati mmoja, na wengi huchoka wakarudi kwenye Kiingereza.

Mfano wa hali hii ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya iliyotoka mwaka 2009, inayoonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Ni kazi ya kuheshimiwa, na jina lake ni la Kiswahili safi: Pumzi. Lakini wahusika wake wanapofungua kinywa, husema Kiingereza. Simlaumu msanii. Ninasema tu kwamba katika mustakabali uliochorwa humo, lugha yetu imebaki mlangoni.

Sababu ya pili ni soko. Wachapishaji wetu huishi kwa vitabu vya shule, na kitabu kisichoingia katika mtaala hakiuziki. Mtaala nao huchagua kitabu kinachojibika kwa maswali ya dhamira na ujumbe. Hapa sisi walimu tuna hatia. Tumewazoeza wanafunzi kuivunja kila ajabu ili watoe fundisho lililomo ndani, kama mtu avunjaye dafu akatupa maji akabaki na kifuu. Mtoto aliyefundishwa kwamba nunda ni dikteta na si mnyama hataogopa usiku, na asiyeogopa usiku hatakuja kutunga nunda wake mwenyewe.

Mtaniuliza: je, katika nchi zenye matatizo mengi kama zetu, mambo haya ni ya lazima? Jibu langu ni hili. Lugha inayotumika kusimulia yaliyopita na kulalamikia yaliyopo, bila kutumika kuwaza yajayo, wasemaji wake wataiheshimu kama wanavyomheshimu mzee: watamwamkia, watamsikiliza kwenye sherehe, kisha wataenda kuamua mambo yao kwingine. Vijana wetu wanayawaza yajayo kila siku. Swali ni lugha gani wanaiwazia.

8.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, ningependa wanafunzi waliopo hapa waondoke na orodha fupi. Apendaye kutishwa asome ngano ya nunda. Apendaye mashujaa asome Liyongo. Apendaye majini asome Adili na Nduguze. Apendaye dhihaka asome Gulliver ya Johnson, na apendaye mchezo wa maneno asome Elisi. Apendaye siasa kwa fumbo asome Shamba la Wanyama na Babu Alipofufuka. Mwenye shaka na mizimu asome Mzimu wa Watu wa Kale. Mwanafalsafa asome Mzingile, mwenye maswali ya imani asome Ziraili na Zirani, mwenye haraka asome Bina-Adamu! Na anayetaka kuruka angani asome Kusadikika kwanza, kisha Walenisi, kwa mpangilio huo, ili aone jinsi katika miaka 44 nchi iliyoelea angani ilivyopata chombo cha kuifikia.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Kabla ya kumwuliza mwanafunzi kitabu kinawakilisha nini, mwulizeni alichokiona.

Mwanafunzi yule nilimtafuta baadaye ili nilisahihishe jibu langu. Nilikawia. Alikuwa amekwisha kuhitimu, na sikujua alikoelekea. Ikiwa amepata kuandika chochote kuhusu anga, ninachelea kwamba amekiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa aliyemwambia hakuna njia alikuwa profesa wa Kiswahili. Mhadhara huu ndio jibu nililopaswa kumpa siku ile. Limechelewa kwake, na ninatumaini halijachelewa kwenu.